Ng'ombe si maneno mawili

Wanazuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri kosa.

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha nyumbani kwetu Mnazi, huku tambarare chini ya milima ya Usambara. Kwa kuwa nina laptopu, shuleni nikaonekana mtaalamu. Nikapewa orodha ya darasa nitenganishe jina la mwanafunzi, la baba na la babu, kisha nibandike matokeo ya jaribio. Nikaona kuandika kwa mkono ni kujitesa. Nikafungua Python na kutumia rejeksi, yaani alama fupi za kuieleza kompyuta itafute mpangilio gani wa herufi. Niliandika \W+, maana yake: kata kila unapokuta kitu kisicho herufi, tarakimu wala mstari wa chini. Nikachukua vipande vitatu vya mwanzo vya kila mstari, nikachapisha, nikabandika ukutani.

Kesho yake mtoto mmoja, ambaye ukoo wao umetokea Usukumani na jina la babu yake linaanza na Ng', akakuta babu yake anaitwa "Ng". Basi, yameishia hapo. Wenzake wakamwita Ng wiki nzima. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, ila utani ulikuwa umeshashika.

Kumbe shida ni ritifaa. Kwa rejeksi ile, ritifaa ni mahali pa kukata. Ng'ombe anakuwa "ng" na "ombe", ng'ambo inakuwa "ng" na "ambo". Hata "don't" ya Kiingereza hukatwa vilevile, kwa hiyo mashine haina chuki na Kiswahili. Inafuata kanuni tuliyoipa. Lakini mtoto wa darasa la kwanza anajua ng' ni sauti moja, na mimi niliyemfundisha hivyo asubuhi ndiye niliyeikata jioni.

Dawa ni fupi: [^\w'’]+. Ritifaa ziko mbili kwa sababu baadhi ya simu huweka ile iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Ila kwa majina hata hiyo haitoshi. Anayeandikwa Mwana Hawa atakatwa kwenye nafasi, "Hawa" ageuke jina la baba. Hapo hakuna rejeksi ya kukuokoa. Majina matatu yaandikwe kwenye safu tatu tangu mwanzo.

Najua wapo watakaosema hayo ni ya watu wa kompyuta, walimu yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Orodha za watoto tunaandika sisi, na anayejua jina la mtoto linavyotamkwa ni sisi, si fundi aliyetengeneza programu. Halafu tunapojifunza kompyuta hapa chuoni, mifano ni John Smith mwanzo mwisho. John Smith hana ritifaa, kila kitu kinakubali, tunapiga makofi tunaondoka.

Ombi langu ni dogo: masomo ya kompyuta kwa walimu yafanyiwe mazoezi kwa maandishi ya Kiswahili na majina ya kwetu. Na wewe ukitengeneza chochote kinachokata maneno, kabla hujakibandika ukutani, kipe kwanza ng'ombe. Akitoka mzima, endelea.