Unene wa mtoto si dalili ya neema



Naomba nitoe maoni yangu kuhusu unene uliopita kiasi kwa watoto na vijana wetu. Wapo wananchi wanaosema kwamba jambo hili ni la watoto wa matajiri wa Dar es Salaam, na kwamba sisi wa vijijini tunaohangaika na utapiamlo halituhusu. Mimi siafikiani nao. Utapiamlo na unene ni ndugu wa nyumba moja, na sisi huenda tukapata hasara ya yote mawili.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na asilimia 4 walikuwa na uzito uliozidi. Msomaji atasema asilimia 4 si kitu. Lakini na awatazame mama zao. Mwaka 2010, katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, wapatao 22 walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa 2015–16 ukakuta 28. Wapo kati yao waliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari na mafuta ya kula vilipatikana kwa foleni. Kukosa utotoni hakukuwakinga.

Wataalamu wa lishe wanaeleza kwamba mtoto aliyepunjwa chakula tumboni mwa mama yake na katika miaka yake miwili ya mwanzo huwa mwepesi zaidi wa kunenepa na kupata kisukari, pindi aanzapo kula sukari na mafuta mengi. Huko Uholanzi, njaa ya vita ya 1944–45 iliwapata wanawake wajawazito. Vijana waliozaliwa na mama walioshinda njaa miezi ya mwanzo ya mimba walipopimwa wakiwa na miaka 19, unene ulionekana zaidi kwao kuliko kwa wenzao. Basi mtoto wetu aliyedumaa leo ndiye aliye hatarini zaidi kesho.

Hapa Kisorya, kando ya Ziwa Viktoria, tunavua sato, sangara na dagaa, tunalima mihogo, viazi vitamu na mtama. Lakini sangara mzuri huenda kiwandani ili minofu yake isafirishwe ng'ambo, na dagaa wengi huishia kuwa chakula cha kuku. Mzazi akishauza, sehemu ya fedha hurudi nyumbani kwa sura ya soda, biskuti na juisi za unga wa rangi. Lami inayofika hapa kutoka Bulamba, pamoja na kivuko cha kwenda Ukerewe, ni maendeleo tuliyoyasubiri. Hata hivyo, gari liletalo vitabu na dawa ndilo liletalo bidhaa hizo pia, na pakiti ndogo ya biskuti huuzwa kwa bei ya chini kuliko yai moja.

Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ipatayo vijiko vidogo tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hata mtu mzima ingefaa asizidishe kama vijiko sita kwa siku. Mtoto akimaliza chupa hiyo bado ana njaa, maana hakula chakula.

Sababu nyingine ni mtoto kukosa kuchezesha mwili. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anatakiwa apate angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Mijini anapelekwa shule kwa gari, anarudi na kukaa mbele ya televisheni au simu mpaka usiku, hata usingizi humpungukia, na kukosa usingizi nako huchangia unene. Zipo shule zisizo na uwanja hata wa kuruka kamba. Vijijini watoto bado wanatembea, lakini msichana akishavunja ungo huambiwa michezo si heshima.

Tena iko fahari yetu sisi wazee. Mtoto mnene husifiwa kwamba analelewa vizuri, na mwembamba mwenye afya huonewa huruma. Halafu akifika darasa la sita wenzake humcheka, nasi tunasema ni mvivu na mlafi. Je, ni yeye aliyenunua soda? Ni yeye aliyegawa uwanja wa shule viwanja vya nyumba?

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kamati za shule zikubaliane na akina mama wanaouza langoni ili wauze viazi vya kuchemsha, mahindi, karanga na matunda. Hakuna haja ya kuwafukuza. Nao wanatafuta riziki. Pili, wazazi wachangie chakula cha mchana shuleni, na dagaa wasikosekane. Tatu, viwanja vya michezo vipimwe na kupewa hati, na kipindi cha michezo kisigeuzwe kipindi cha hesabu. Nne, kupima uzito na urefu kusikome pamoja na kadi ya kliniki mtoto atimizapo miaka mitano, kuendelee shuleni.

Nchi hii ina uzoefu. Mwaka 1973 tuliunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huo huo kampeni ya Mtu ni Afya ikawafikia wananchi kwa redio na vikundi vya kusoma. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Adui wa wakati ule alikuwa njaa na maradhi. Leo kaongezeka mwingine, naye huja akiwa zawadi mkononi mwa mzazi. Ningeomba wahusika wafikirie kampeni ya namna ile tena, kabla kisukari hakijaingia madarasani mwetu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kisorya, Bunda, Mara.