Maonyesho ni ya Nani?

Wapo wasemao kwamba Kongo ina maonyesho yake kule Kinshasa, yaitwayo FIKIN, basi yatosha. Hasha! Toka Bunia hata Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700, ukiruka kama ndege. Mkulima wa Djugu atafikishaje kahawa yake huko, au mvuvi wa Tchomia samaki wake?

Tuwatazame jirani. Walowezi wa Kenya waliunda chama chao cha kilimo mwaka 1901. Walijitafutia faida yao wenyewe, tusifiche. Lakini Waafrika walikirithi, na hata leo ndicho kiendeshacho maonyesho ya Nairobi. Tanzania nayo huadhimisha Nane Nane mikoani, karibu na majembe.

Kwetu kahawa na kakao huvuka kwenda Uganda, na mwenye kupima na kutaja bei ni mnunuzi. Nabii Amosi aliwakaripia wenye mizani ya hila. Nasi je, tumenyamaza? Katika maonyesho ya Bunia mkulima angesikia bei tano badala ya moja.

Lakini yakikabidhiwa wauza bia, afadhali yasianzishwe. Wakulima, wavuvi na wafugaji wachague kamati yao, wakusanye viingilio, wasome hesabu mbele ya watu. Serikali ilinde njia. Hiyo ndiyo kazi yake, na bado haijaimaliza.