Historia ya Kununuliwa

Wako wamsifuo Alfred Theodore Andreas kuwa mhifadhi wa historia ya Marekani. Sifa hiyo yataka kupimwa. Andreas alizaliwa mwaka 1839 katika jimbo la New York, akatumikia jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akashika biashara ya atlasi za kihistoria. Atlasi yake ya Minnesota ilitoka mwaka 1874, na ya Iowa mwaka 1875.

Mawakala wake walipita shamba kwa shamba wakiandikisha wanunuzi kabla kitabu hakijachapwa. Mkulima aliyeongeza fedha alichorewa nyumba, zizi na mifugo yake, au alitiwa sura yake na habari za maisha yake. Maskini hakuwa na sura. Na Wadakota, wenyeji wa Minnesota waliofukuzwa kwa sheria ya mwaka 1863, wangelipa nini, na wangemlipa nani?

Mtetezi atasema kwamba moto wa mwaka 1871 ulipoteketeza kumbukumbu nyingi za Chicago, Andreas huyo huyo alikusanya historia ya mji ule katika majuzuu matatu, 1884 hadi 1886. Ni kweli, naye astahili shukrani. Lakini wema wa kitabu kimoja haufuti deni la kingine. Ramani zake ni amana, na zisomwe. Picha zake ni stakabadhi, na zisomwe kama stakabadhi. Mwanahistoria asiyepambanua shahidi na mteja huandika fahari ya wenye mali, akaiita habari ya nchi.