Klabu za Rotary zibandike hesabu



Mtaani wengi huwaona wana-Rotary kama wakubwa wa kula chakula cha mchana hotelini na kupiga picha kisimani. Picha zipo, sikatai. Ila fedha zenyewe zina safari ndefu. Mchango wa mwaka wa mwanachama huwekezwa na mfuko wao kwa miaka mitatu, kisha karibu nusu yake hurudi kwenye wilaya ya Rotary (si hii ya Mkuu wa Wilaya) kugharamia miradi. Mradi mkubwa huanzia dola 30,000, lazima ushirikishe klabu za nchi mbili, na wenyeji waulizwe kwanza mahitaji yao. Mbali na miradi hiyo, tangu 1985 wamepambana na polio, na mwaka 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya ugonjwa huo.

Tatizo ni kwamba mwananchi haoni hesabu. Pampu ikiharibika, hajui amuulize nani. Naziomba klabu zetu zibandike kwenye ofisi ya kijiji gharama za kila mradi, pamoja na jina la mwenye dhamana ya matengenezo.

Msomaji wako,
Moshi