Za Harusi Zipo, za Masomo Hazipo?



Leo tuweke singo na piko pembeni kidogo. Kuna jambo limetukaa rohoni, na tukilinyamazia tutakuwa tunajidanganya wenyewe.

Binti mmoja wa kwetu, ambaye hatumtaji kwa kumsitiri, alikubaliwa na chuo kimoja Uingereza kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa anga. Chuo kilimpa nafasi, pesa hakikumpa. Familia ikakaa, ikamsikiliza, ikasema maashaallah, Mungu atafungua njia. Kikao kikafungwa kwa dua. Miezi miwili baadaye familia ile ile ikakaa kwa harusi ya dada yake. Kikao hicho hakikufungwa kwa dua tu, kilifungwa kwa daftari: nani analipa ukumbi, nani anatoa ng'ombe, sare ya kina mama iwe kitambaa gani, kadi za mchango zichapishwe ngapi. Ndani ya wiki sita pesa zilitimia. Nafasi ya chuo ilikuwa imeshapita.

Hatuna ugomvi na harusi. Ni sisi hawa hawa tunaowaandikia habari za hina na za sanduku la biharusi. Lakini tusisingizie umasikini. Pesa zilikuwepo. Kilichokosekana ni imani kwamba pesa ya binti ina kazi nyingine zaidi ya kumtoa nyumbani kwao.

Tunaambiwa: "Ufadhili umejaa, aombe tu." Haya, tuutazame. Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, lakini humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Erasmus Mundus ya Ulaya hutoa euro 1,400 kwa mwezi, na washindani wanatoka dunia nzima. Shirika la wanawake la Zonta linatoa tangu 1938 ruzuku yenye jina la rubani Amelia Earhart, dola 10,000, kwa wanawake wa nchi yoyote wanaosomea sayansi na uhandisi wa anga. Habari njema, ila ni ya uzamivu, na wengi wetu hufika huko kwa kupitia uzamili kwanza. Marekani nako, vyuo vingi hulipia wanafunzi wa uzamivu wa uhandisi, lakini wa uzamili mara nyingi hujilipia. Na ruzuku za masomo za NASA kwa kawaida ni za raia wao.

Basi mlango upo, lakini ni mwembamba, na kabla ya kuufikia kuna vizingiti: ada ya mtihani wa Kiingereza, pasipoti, kuthibitisha vyeti, viza, tikiti. Hapo ndipo mabinti wetu wanapokwama, kwenye pesa ambayo shangazi watatu wangeichanga kwa Ijumaa moja. Jumlisheni vizingiti hivyo, kisha jumlisheni mapambo ya jukwaa la harusi ya mwisho mliyohudhuria. Jibu mtalipata wenyewe.

Wengine humwelekeza benki. Hapo tunamwambia, sawa kabisa, riba ni haramu. Lakini ukimfungia mtu mlango wa haramu, mfungulie wa halali. Dini iliyokataza riba ndiyo iliyotufundisha kukopeshana bila ziada. Tumelishika katazo, mkopo mwema tumeuacha.

Kuna wanaouliza: "Asafiri bila mahram?" Swali hili tunaliheshimu. Wanazuoni wamehitilafiana, wapo wanaoruhusu njia ikiwa salama na wenziwe ni waaminifu, na kila mmoja amuulize sheikh wake. Tunachokataa ni undumakuwili. Msichana akienda Muscat kufanya kazi za ndani, mahram haulizwi, anaulizwa lini ataanza kutuma pesa. Mahram tunamkumbuka binti akishika barua ya chuo. Ikiwa ni hukumu ya Allah, iwe hukumu kwa wote wawili.

Na lipo lile la kejeli: "Atarusha roketi gani hapa?" Wenye kuuliza hivyo wawaulize wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao mwani wao unakufa bahari ikipata joto. Joto hilo hupimwa pia na satelaiti. Mwaka 2016 ndege zisizo na rubani zilipiga picha visiwa vyetu kwa ajili ya ramani mpya, na wanafunzi wa SUZA walikuwamo katika kuzirusha. Na kabla ya hapo, tarehe 12 Disemba 1970, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, pwani hii hii ya Waswahili. Iliitwa Uhuru. Aliyeongoza mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend wa NASA. Jina letu na bahari yetu vilitumika. Mhandisi hakuwa wetu.

Wala elimu hii si ngeni kwa Muislamu. Karne ya 10 mjini Halab, binti aitwaye al-Ijliyya alitengeneza astrolabu, chombo cha kupimia nyota, kazi aliyojifunza kama babake. Na Rayyanah Barnawi wa Saudia alifika kituo cha anga za juu mwaka 2023.

Basi tufanye nini? Kadi ya mchango wa harusi tunaijua, tuchapishe na ya masomo. Kila upatu utenge mkono mmoja kwa mwaka kwa binti mwenye barua ya chuo. Wenye nyumba na mashamba wafikirie wakfu kwa wanafunzi wa kike, maana wakfu ndio uliosomesha umma huu kwa karne nyingi.

Nanyi maharusi wetu, mahari ni yenu, Suratun Nisaa imelimaliza hilo. Si ya baba wala ya mjomba. Ukitaka iwe ada ya mtihani na tikiti, hujamkosea mtu. Na kama unataka kuendelea na masomo baada ya ndoa, liseme kabla ya akdi, liwe sharti mbele ya mashahidi. Mwanamme aliyekubali sharti anatakiwa alitimize, na asiyelitaka ni kheri umjue kabla hujapakwa hina.

Yule binti wetu anaomba tena mwaka huu. Safari hii kikao tutakiita sisi, na daftari tutakuja nalo.

Wabillahi tawfiq.