Basi likifutwa, mji mdogo ndio hulipa
Serikali ya jimbo la Saskatchewan, magharibi mwa Kanada, ilianzisha shirika la mabasi ya umma mwaka 1946. Kwa miaka 71 mabasi hayo yalibeba abiria na vifurushi hadi miji midogo. Mei 2017 yakasimamishwa: abiria wamepungua, ruzuku imekuwa mzigo. Oktoba 2018, Greyhound nayo ikafuta karibu safari zake zote za magharibi. Wagonjwa wasio na gari wakabaki kutegemea jamaa. Vipuri vya mashine za kilimo vikatafutiwa njia nyingine.

Hasara ya basi huonekana kwenye hesabu za shirika. Faida yake imo dukani, shambani na hospitalini. Serikali yoyote ipime yote mawili kabla ya kufuta safari.