Mgeni Hapimi Kufuli

Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, orodha ya mishahara ya watu wote ilikaa kwenye kompyuta ya mhasibu, hatua moja tu kutoka kabrasha tulilogawana kupitia mtandao. Nilipouliza habari za usalama nilijibiwa: "Humu ndani sote ni ndugu." Jibu hilo nalipinga mpaka leo.

Ndugu msomaji, kwenye kompyuta nukta mbili zikifuatana (..) maana yake ni: panda kabrasha la juu. Mwaka 1995 ilibainika kwamba mtu aliyetumia programu ya Samba kuingia katika kabrasha lililogawanywa na Windows 95 aliweza kuandika nukta hizo, akatoka alimoruhusiwa na kuzurura diski nzima. Microsoft ilitoa dawa mwaka uleule, lakini ikailaumu programu ya mgeni kwa kutuma amri zisizo halali. Hebu tuulizane: tangu lini mwenye nyumba akategemea adabu ya mwizi?

Somo halikuingia. Mwaka 2000 ikafichuka kwamba Windows 95, 98 na Me, zilipokagua neno la siri la kabrasha, zilikagua idadi ya herufi aliyoitaja mgeni mwenyewe. Akisema lake ni la herufi moja, ilikaguliwa herufi ya kwanza tu. Neno la herufi nane likawa halina nguvu kuliko la herufi moja!

Wala nisiwaonee Microsoft. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Samba: kwa mipangilio yake ya kawaida, aliyeruhusiwa kuandika katika kabrasha aliweza kuunda humo kiungo cha kuelekea nje kwa nukta zilezile, na seva ikakifuata. Ilibidi mipangilio ibadilishwe.

Mtaniambia hayo ni ya kale. Programu zimebadilika, kweli. Kauli ya "sote ni ndugu" haijabadilika. Njia anayoitaja mgeni ni ombi, si amri. Seva yenyewe iifuate mpaka mwisho, itazame inaishia wapi, ndipo ifungue au ikatae. Nasi tugawane kabrasha linalohitajika, si diski nzima. Na kama kusoma kunatosha, tusitoe ruhusa ya kuandika.

Undugu haupungui kwa mlango kufungwa. Ndugu wa kweli hupiga hodi, akangoja aambiwe karibu.